Kengele ya Mwalimu Balbina na Yangeyange Mia na Kumi na Wawili

Baada ya miaka thelathini na minane na miezi mitano ya kazi, Mwalimu Balbina Njohole, mwalimu wa darasa la kwanza wa shule yetu hapa Lipangalala, Ifakara, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Tunamuaga leo Ijumaa, tarehe 30 Mei, kwa sababu mwisho wa Juni shule itakuwa imefungwa, na kumuaga mwalimu wa darasa la kwanza bila watoto ni kikao tu chenye soda.

Mwalimu Mkuu, Mwalimu Febronia, ameniagiza wasifu huu usizidi kurasa mbili, uwe wa heshima, na usiwe na mzaha. Kwenye kurasa nimejitahidi. Nadhani nimechaguliwa mimi, mwalimu wa nidhamu, kwa sababu ndimi niliyempa Mwalimu Balbina tabu kuliko wote, na katika shule hii kila kosa lina adhabu yake.

Kabla sijafika mbali niseme jambo ambalo tangu Pasaka linaongelewa ofisini, jikoni kwa mpishi na hata chooni. Mwalimu Balbina akiondoka, kengele yake ataichukua nani? Wageni waalikwa wasioijua kengele hiyo wavute subira, nitaeleza. Walimu wenzangu wanaoijua waendelee kutazama viatu vyao, kama walivyofanya siku tulipoulizwa kwenye kikao.

Mwalimu Balbina alizaliwa upande wa Mahenge, katika familia ya wakulima na wanakwaya. Ni mtoto wa nne kati ya tisa, na anasema hilo lilimwandaa kwa darasa lenye watu wengi. Januari 1987, akiwa mwalimu wa daraja la tatu A mwenye sanduku la bati na baiskeli ya kuazima, alipangiwa Mbingu. Reli inapita pale, na kila treni ilipopiga honi darasa zima lilihamia dirishani. Wenzake walipambana na dirisha kwa fimbo. Yeye alihamia dirishani pamoja na watoto, akageuza mabehewa kuwa somo la hesabu. Shida ni kwamba darasa lilikuwa limefundishwa kuhesabu mpaka ishirini tu. Kwa hiyo treni ya mizigo yenye mabehewa arobaini ilihesabiwa kuwa treni mbili, na wapo watu wazima kule Mbingu ambao mpaka leo hawajarekebishwa.

Mwaka 1998 alihamia Namawala, kijiji ambacho watafiti wa malaria na mbu wamekizoea kama nyumbani kwao. Watoto wa pale nao waliwazoea watafiti. Mgeni yeyote aliyeshuka kwenye gari alikuwa mtu wa kupima damu, basi. Siku moja alifika mgeni wa mambo ya elimu, mtu mzito, amevaa tai. Kabla hajasalimia, darasa zima la Mwalimu Balbina lilikuwa limemnyooshea vidole tayari kutobolewa. Mgeni akauliza hiyo ni salamu ya wapi. Mwalimu Balbina, bila kupepesa macho, akamjibu kuwa ni ishara ya kupenda shule, na ripoti ikaandikwa hivyo hivyo.

Mwaka 2012 alifika kwetu na kupewa darasa la kwanza, chumba kilichopakana na changu cha darasa la pili. Kati yetu kuna ukuta usiofika juu. Huo ukuta ndio chanzo cha uhasama wetu.

Sasa nieleze kengele. Mtu wa Kilombero hahitaji hadithi ndefu. Mpunga ukianza kukomaa, ndege wanashuka, na wa kuwafukuza ni watoto. Mtoto wa miaka saba anaamka alfajiri, anakwenda shambani kuamia ndege, anapiga kelele na kurusha mawe kwa kombeo mpaka jua limetoka, halafu anakuja shule. Saa nne asubuhi umemwandikia "a, e, i, o, u" ubaoni, ukigeuka unakuta irabu tu ziko macho, watoto wamelala. Mwalimu Balbina alikuwa na watoto mia na kumi na wawili wa namna hiyo. Alijaribu nyimbo, wakalala wakiimba. Alijaribu kuwasimamisha, wakalala wamesimama.

Mwaka 2017 alikwenda Morogoro kwenye semina ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Siku ya tatu chakula cha mchana kilichelewa, na mwezeshaji, dada mmoja mchangamfu, akaona watu wazima wameanza kununa. Akawaambia wasukume viti, akawafundisha mikao mitano ya yoga ya kunyoosha viungo na kupumua taratibu. Wengi waliinua mguu huku macho yakiwa kwenye sufuria. Mwalimu Balbina peke yake alichukua daftari akachora. Semina ya siku nne, makabrasha yenye uzito wa kuku mzima, na yeye alirudi Ifakara akiwa ameshika hiyo mikao mitano tu.

Hakuleta majina ya kigeni. Kusimama kwa mguu mmoja, viganja vimekutana juu ya kichwa, ni yangeyange, yule ndege mweupe wa majarubani. Kulala kifudifudi umejikunja, mgongo tu unaonekana, ni kiboko. Kukaa kwa makalio, miguu na mikono vikielea mbele, ni mtumbwi. Kusimama na kuyumba huku na huku ni mpunga. Na kupiga magoti na viganja chini, ukiinua na kushusha mgongo, kisha ukiinuka kwa kutanguliza mikono, ni ng'ombe. Zoezi zima alilipa jina la Dakika Tano, na alilianzisha kwa kengele ndogo ya shaba aliyorithi kwa shangazi yake mtawa. Kengele ikilia mara tatu, watoto wote wanakuwa yangeyange. Mengine yanafuata.

Jamani, upande wangu wa ukuta! Mtoto mmoja wa mwisho wa safu akipoteza mhimili kwenye yangeyange, safu nzima inakwenda. Mtumbwi ulizama kila siku isipokuwa Jumamosi na Jumapili. Vumbi la chaki lilinishukia kwenye chai. Mbaya zaidi, darasa langu la pili, ambao mwaka uliotangulia walipita kwake, kengele ikilia walisimama kwa mguu mmoja katikati ya jedwali la mbili. Machi 2018 nikamwandikia Mwalimu Mkuu barua ya malalamiko, kurasa tatu, yenye kichwa cha habari kilichopigiwa mstari mara mbili. Nilidai shule si uwanja wa sarakasi. Ndiyo, ni mimi niliyeandika, na mwandiko unajulikana.

Barua yangu ingelala kwenye faili mpaka leo kama si Jumapili moja ya Mei mwaka huo, kwenye Misa ya pili. Kanisa limejaa, watoto wa darasa la kwanza, kwa mara ya kwanza wote pamoja, wamekaa mbele. Ukafika wakati wa mageuzo, padri anapoinua mkate na divai, watu wote wamepiga magoti, kimya kabisa. Mtumishi wa altare akapiga kengele mara tatu.

Watoto kama sitini wakanyanyuka kwa pamoja, wakainua mguu wa kushoto, wakakutanisha viganja juu ya kichwa, wakatulia.

Katekista Maximilian, mtu wa utaratibu kuliko hata mimi, alifungua mdomo, na kwa kuwa ulikuwa wakati wa kimya, akaufunga tena. Bibi Agnetha, mzee wetu wa kigango, alidhani ni maelekezo mapya yameshuka kutoka jimboni, akashika benchi na kuinua mguu wake pia. Mwalimu Balbina alikuwa kwenye kwaya, upande wa sauti ya pili. Walio karibu naye wanasema alijificha nyuma ya kitabu cha nyimbo, na kitabu kilikuwa kinatetemeka. Hakuna anayejua kama alikuwa analia au anacheka. Mimi najua.

Kufikia mchana habari ilikuwa imevuka mto. Wa kwanza alisema ni mazoezi, wa pili akasema ni dini ya watu wa mbali, wa tatu akasema ni frimasoni, na jioni kuna mama aliapa amemwona mtoto wake akielea. Kesho yake Mwalimu Febronia, aliyekuwa na mwezi mmoja tu wa ukuu wa shule, akaifungia kengele kwenye kabati la ofisi. Dakika Tano zikasimamishwa mpaka mkutano wa wazazi. Barua yangu ikatolewa kwenye faili, na nikaambiwa nitaisoma mwenyewe mbele ya mkutano. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilipiga pasi shati.

Waswahili walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Wiki ile ile Mwalimu Balbina alipata msiba Mahenge, akaomba ruhusa ya siku tatu. Darasa la kwanza nikakabidhiwa mimi.

Siku ya kwanza niliingia na nidhamu yangu yote. Saa nne walikuwa wamelala arobaini na saba, niliwahesabu. Siku ya pili nikawaamsha kwa ukali. Kumi wakalia, na kilio cha mtoto wa darasa la kwanza kinaambukiza kuliko mafua, kwa hiyo wakalia wote mia na kumi na wawili, mpaka mpishi akaja kuuliza nani amefariki. Siku ya tatu nilifunga mlango. Nikafunga madirisha. Nikachukua kikombe changu cha chai na kijiko, nikagonga mara tatu, na mimi, mwalimu wa nidhamu, nikainua mguu wa kushoto.

Nikaanguka kwenye kabati la vitabu. Hakuna mtoto aliyecheka. Mtoto mmoja aitwaye Ester, binti wa wafugaji wa Kisukuma, mdogo kuliko begi lake, alikuja karibu akaniambia kwa upole kabisa: "Mwalimu, ukitaka usianguke, tazama kitu kimoja kisichotembea." Basi nikakitazama kitasa cha mlango. Nikasimama. Yangeyange mia na kumi na watatu, kimya, tunapumua. Baada ya dakika tano wakakaa wakasoma irabu zote, na Ester akazisoma kwa kurudi nyuma. Nikawaagiza wote kwamba jambo hili ni siri yetu.

Mkutano wa wazazi ulifanyika Ijumaa iliyofuata, ndani ya darasa la kwanza lenyewe, wazazi wakiwa wamebanana kwenye madawati ya watoto. Mwalimu Balbina alikaa pembeni, kengele iko mezani mbele ya Mwalimu Mkuu kama kielelezo cha mahakamani. Nilikuwa sijawahi kumwona akiwa ameinamisha kichwa. Katekista alieleza ya kanisani kwa uchungu. Kisha nikaitwa nisome barua. Nilisimama, nikaikunjua, nikaikunja tena, nikasema miwani nimeisahau nyumbani. Miwani ilikuwa usoni.

Ndipo akasimama Mzee Kija, baba yake Ester, fimbo mkononi. Watu wakatulia, maana katika bonde hili wakulima na wafugaji hawahitaji yoga ili wagombane. Akasema naye ana lalamiko, tena zito. Binti yake anafanya "ng'ombe" nyumbani mbele ya wageni, na yeye kama mfugaji anaona aibu. Ng'ombe gani huyo anainuka kwa kutanguliza miguu ya mbele? Anayeinuka hivyo ni punda! Ng'ombe hutanguliza nyuma, na mwalimu asiyejua hilo anapotosha taifa.

Mkutano ukaanza kunong'ona. Mzee Kija akaona maneno hayatoshi. Akamkabidhi katekista fimbo, akavua koti, akapiga magoti na viganja chini katikati ya darasa, akaonesha. Nyuma ikatangulia vizuri sana, kitaalamu kabisa. Halafu akakwama. Kiuno kikagoma kwenda mbele wala kurudi. Katekista Maximilian na wazazi wawili wakaenda kumvuta, na yeye, kutoka kule chini, akawaambia wamwache kwanza, kwa sababu mgongo uliomuuma tangu kiangazi ulikuwa unaachia, na huo utamu asingependa kuukatisha.

Makubwa! Watu walicheka mpaka dawati likavunjika. Akiwa bado chini, Mzee Kija akaongeza jambo moja, na hilo hakulisema kwa mzaha. Alisema Ester mwanzoni alikuwa anarudi shuleni hajui hata herufi moja, kazi kulala. Sasa anamsomea kadi za chanjo za ng'ombe, na hajawahi kukosea. Mkirekebisha ng'ombe, alisema, hayo mengine yaacheni kama yalivyo. Mwalimu Balbina aliinua kichwa hapo, akalia waziwazi, na mimi nikasafisha miwani niliyoisahau nyumbani.

Paroko alikuwa ametuma kijibarua. Aliandika kwamba tangu apewe upadri hajapata kuona watoto wametulia hivyo wakati wa mageuzo, na ombi lake ni kwamba ishara zitofautiane tu. Katekista akapendekeza kanisani ibaki mara tatu, shuleni iwe mara tano. Ikapita kwa kunyoosha mikono, na baadhi ya wazazi walinyoosha na mguu. Wiki za kwanza watoto walishindwa kusubiri, wakawa wanainua mguu kwenye ya tatu na kuushusha kwenye ya nne. Lakini walijifunza kuhesabu mpaka tano haraka kuliko darasa lolote lililotangulia. Kanisani sasa mambo ni shwari, isipokuwa Bibi Agnetha, ambaye anasema amezoea na magoti yake yamepona.

Tangu siku hiyo, miaka saba, Dakika Tano hazijakosa hata siku moja. Ng'ombe hutanguliza nyuma. Ester yuko kidato cha kwanza, na leo amekuja na baba yake. Ukichukua mafanikio ya Mwalimu Balbina kwa ujumla, cheti cha mfanyakazi bora kipo, barua za pongezi zipo, lakini mimi nahesabu watoto waliokaa macho.

Turudi kwenye kengele. Mwalimu Balbina anastaafu, ila mpunga haujastaafu, na ndege hawajastaafu. Jumatatu iliyopita nilichungulia darasa la kwanza saa nne kasoro: vichwa vilikuwa vimeanza kuinama. Mwalimu Mkuu alitangaza kwamba asipopatikana wa kuichukua, kengele itawekwa kabatini pamoja na tufe la dunia lililopasuka, na Dakika Tano ziishie hapo. Mwalimu Agnella ni mjamzito na daktari amemkataza kuwa mtumbwi. Mwalimu Venance, kijana wetu, alisema yuko tayari kwa moyo wote, ila suruali anazovaa haziruhusu. Mimi nilisema mwalimu wa nidhamu ana hadhi yake. Wiki tatu nimesema hivyo.

Jumanne mchana Mwalimu Balbina alikuja darasani kwangu. Hakubembeleza. Aliweka kengele juu ya meza yangu, akaniuliza hali ya watoto, akageuka kuondoka. Mlangoni akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kaka Hermenegildi, mguu wa kushoto unauinua vizuri. Ila usiwe unatazama kitasa, siku moja mtu atafungua mlango."

Kumbe! Watoto mia na kumi na wawili walitunza siri yangu hadi saa nane mchana wa siku ile ile. Alijua siku aliyorudi kutoka msibani. Alijua kwenye mkutano, nilipokuwa nimesimama na barua yangu, na angeweza kusema neno moja tu nikaaibika mbele ya wazazi wote. Alinyamaza. Akanyamaza miaka saba, akanisikia wiki tatu nikihubiri hadhi, na bado akaniita kaka. Nilijisikia vibaya, halafu nikajisikia vizuri, halafu nikafunga mlango na kufanya mazoezi.

Kwa hiyo ndugu wageni, tazameni programu yenu, kipengele cha tisa: "Neno kutoka kwa Mwalimu wa Nidhamu." Hakuna neno. Nitakuja mbele na kengele ya shaba, ambayo sasa inakaa kwangu, na nitapiga mara tano. Mgeni rasmi atasimama, katekista atasimama, Mzee Kija atashikwa na watu wawili kwa tahadhari, Mwalimu Venance ameahidi suruali nyingine. Kila mtu atainua mguu wa kushoto. Atakayeanguka aanguke kwa adabu.

Isipokuwa wewe, dada Balbina. Asante kwa watoto wa Mbingu, wa Namawala na wa hapa, na asante kwa kunyamaza. Nenda ukapumzike, ukalime bustani, ukaimbe sauti ya pili mpaka uchoke, na Mungu akujalie siku nyingi zenye afya na wajukuu wasiolala darasani. Lakini kengele ikilia leo, wewe usisimame. Miguu yote miwili chini, mama. Kaa hapo hapo mbele na usitikisike, maana tutakuwa wengi, tunayumba, na tunahitaji kitu kimoja cha kutazama.

Mwl. Hermenegildi Mponda
Mwalimu wa Nidhamu, na kuanzia Julai, Mwalimu wa Dakika Tano